Associé wa pili

Hii sijawahi kuambia mutu: kwetu Nyalukemba tumebaki wawili, lakini kila jioni maman anaweka sahani tatu. Ya tatu ni ya yaya Pascal, kaka yangu mukubwa. Alikufa kwenye barabara ya Sange.

Hilo neno, "alikufa", nyumbani halisemwi. Tunasema tu "hajarudi".

Leo maman ameenda kufungua SARL, kampuni ndogo ya sabuni zake. Mimi ndiye wa kumtafsiria Kifaransa cha ofisi.

Agent wa ofisi akauliza associés, wenye kampuni, ni nani.

"Mimi na mutoto yangu mukubwa, Pascal."

"Iko wapi? Lazima asaini."

Maman akaniangalia. "Mwambie anakuja."

Nikafungua kinywa, Kifaransa kikatoka chenyewe: "Il est mort, monsieur."

Jamani, kwa Kifaransa neno "amekufa" halikuuma hata. Mpaka nikageuka. Maman alikuwa ameelewa.

Agent akashusha sauti, akasema Kiswahili: "Pole, maman. SARL hata mutu mumoja anaifungua."

"Mumoja," akasema maman. Akasaini.

Sasa nasikia sandali za yaya zinakuja mlangoni. Maman ndiye anazivaa siku hizi. Simu ninayowaandikia hii siifichi.

"Mutoto, leo tuweke sahani mbili ao tatu?"

Ninyi mungemujibu nini?