Majina 216 Yaliyopotea kwa Mstari Mmoja

Saa tatu asubuhi, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Wahida Ibraimo anafungua kompyuta juu ya cherehani ya mama yake, kwa kuwa nyumba haina meza. Anaandika "Rafique Adamo" kwenye kisanduku cha fomu, kisha anabofya kitufe. Jina linatokea chini, herufi zote.

"Sasa inasoma," anasema bila kutabasamu. "Sasa, wakati haina faida tena."

Wahida, 26, anafundisha kompyuta na kutengeneza kurasa za mtandao. Desemba 2014, kampuni moja iliyokuja kujenga kambi za wafanyakazi wa gesi ilimtaka atengeneze fomu ya wenyeji kuombea ajira. Yeye mwenyewe alizunguka vijijini kuwahimiza watu.

Walikuja 216 kujiandikisha kwenye kompyuta yake. Kila aliyebofya alijibiwa: "Asante, umeandikishwa."

Rafique, mkulima wa kijiji cha Pundanhar, alitembea siku mbili kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. "Mashine ilinishukuru," anasimulia. "Nikarudi nikamwambia mke wangu, tumeshapata."

Wiki tatu baadaye Deolinda, karani wa ajira wa kampuni hiyo, alimpigia Wahida simu. "Menina, binti yangu, lista yako ya waombaji ina tarehe na saa tu. Majina yako wapi?"

Wahida alishuku mtandao. Akashuku herufi za Kireno zenye alama. Akatengeneza kitufe kingine. Wapi! Siku ya tatu akaiamuru kompyuta imwonyeshe ilichosoma. Kikatokea kidirisha kitupu.

Ndipo alipouona mstari wenye kosa. Amri ya kusoma kisanduku alikuwa ameiweka juu, nje ya kundi la amri zinazotekelezwa kitufe kinapobofywa. Kompyuta ilisoma mara tu ukurasa ulipofunguka, kabla mtu hajaandika hata herufi moja. Alipobofya, ulitumwa ule utupu wa mwanzo.

"Nilipoijaribu ilifanya kazi," anasema. "Nilikuwa nimeacha jina langu kisandukuni kama mfano, ikasoma hilo. Nikalifuta, nikawaita watu."

Kuushusha mstari kulichukua dakika moja. Alikwenda ofisini mbio. Deolinda alimsikiliza amesimama.

"Pole sana, lakini nafasi zimejaa. Waliotoka kusini mwa nchi wameanza kazi jana."

Tangu hapo Wahida hali akashiba. Wapo wanaovuka barabara wakimwona, na wapo wanaosema aliziuza nafasi zao. Kati ya wanafunzi wake kumi na tisa wamebaki wanne.

Rafique alikuja kumwuliza ana kwa ana. Wahida alimweleza yote: kisanduku, mstari, kitufe.

"Mwanangu, ungeniambia umeniuza, ningeelewa."

"Sikukuuza, mjomba. Nilikosea."

"Basi nimkasirikie nani?"

Wahida anaponisimulia hayo anaigeukia cherehani, anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Hadi sasa amekusanya kwa mkono majina 74. Deolinda amekubali kuitunza karatasi, lakini hakuahidi lolote. Alhamisi Wahida atapanda lori kwenda Pundanhar. Mama yake anamwogopea matusi.

"Watanitukana, najua. Lakini huko wapo wanaongoja simu mpaka leo, na mashamba hawajayagusa," anasema. "Nakwenda kuwaambia wasingoje. Mvua za kupandia zimebaki chache."