Parsele Hii Haiuzishwe

Siku ile ya kwanza, njo Mama Domitille mwenyewe aliyeshika kopo ya rangi. Shemeji yake, Papa Ilunga, alipanda juu ya kiti akaandika kwa ukuta wa mbele: PARSELE HII HAIUZISHWE. Bwana yake Domitille alikuwa na wiki mbili tu kaburini. Familia ilikaa, ikaandika karatasi: parsele, kiwanja na nyumba yake, ni ya familia yote, makaratasi yake atayachunga Ilunga, mujane ataikala mule mupaka kufa kwake, na hakuna muntu wa kuiuzisha.

Miaka kumi na moja ikapita. Domitille aliuzisha ndakala, samaki wadogo wa kukausha, akizipakia treni ya Kabalo, mupaka miguu ikavimba, ikakataa. Mutoto wake mumoja tu, Exaucé, yuko Lubumbashi na simu yake imefungwa. Akabaki na vyumba vinne, na chungu hakina kitu.

Njo Papa Jérôme, mwenye famasi ya barabarani, akaja na neno lake: viajé. Alimuelezea polepole, kama anavyoelezea dawa. Kila mwezi ataleta unga, mafuta na vidonge vya tansio, ile presha ya damu. Mama ataikala mule mule, atalala kwa kitanda chake. Siku atakufa, nyumba inakuwa ya Jérôme.

"Na nikichelewa kufa?"

"Utakuwa umenikula, Mama. Bahati yangu mubaya."

"Kumbe wewe njo unanipa dawa, na wewe njo unangoja nikufe."

Jérôme akacheka. Alicheka peke yake.

Ikabaki Ilunga. Asiposinya yeye, asipoweka jina lake kwa karatasi ya Jérôme, hakuna viajé, hakuna unga. Domitille alitembea kwake akisimama-simama, akipanga maneno: vile alivyomuuguza ndugu yao, vile familia haijamutumia hata sabuni. Akamukuta Ilunga anakula bukari. Ilunga akapangusa mukono kwa suruali, akasoma karatasi mupaka mwisho, akalomba biki ya kuandikia, akasinya.

"Shemeji, hauniulize kitu?"

"Nikuulize nini? Nikikataa, nitakulisha na nini?" Akarudi kwa sahani. "Lakini ufute yale maandishi. Watu watasema familia yetu inaandika uongo kwa ukuta."

Maneno yote aliyoyapanga yakabaki tumboni. Njiani alijitafuta kama ana hasira, ama furaha. Hakupata. Aliona tu kwamba ndala yake moja imekatika.

Kesho yake alikuwa anakoroga chokaa Jérôme alipofika na mufuko wa unga begani, mafuta na vidonge mukononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninafuta. Ilunga njo amesema."

"Usifute! Exaucé akirudi amuuzishie muntu mwingine nyumba yangu?"

*Nyumba yangu.* Domitille alisikia vizuri. Akaweka fimbo ya kukorogea chini.

Jérôme akaenda dukani, akarudi na rangi nyekundu. Akatoa kiti ndani bila kulomba, kiti kile kile, akapanda, akaanza kupita juu ya herufi za zamani, moja moja.

"Shika kopo, Mama."

Akashika.

"Iko sawa? Inasomeka?"

"Iko sawa," akajibu, na macho yake yalikuwa kwa mufuko wa unga.

Rangi ikadondoka kwa muguu wake uliovimba. Aliiona vile ilivyo nyekundu, inateremuka mupaka kwa vidole. Muguu wenyewe haukuisikia.