Jembe la Mama Ukutani

Juzi nilimpeleka mama ofisi ya kata aandikishwe kwenye orodha ya wakulima. Karani akauliza ana ekari ngapi. Nikamwambia hana shamba, amelima kibarua maisha yake yote.

"Basi huyo si mkulima," akasema. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha ambayo nilikuwepo siku ilipopigwa.

Nilikuwa mtoto, kule Usagara. Pamba ilikuwa imefika magotini na udongo ulinuka mvua ya jana. Mama alikuwa akipalilia na vibarua wenzake tangu alfajiri. Mwenye shamba akashuka kwenye gari na mpiga picha, viatu vinang'aa. Akachukua jembe la mama, akajipaka udongo mikononi na kwenye suruali. Nilimwonea huruma. Nilidhani akifika kwao atachapwa kwa kuchafua nguo.

"Wewe mama, sogea, unaharibu picha," mpiga picha akafoka.

"Shikamoo," nikamwambia mwenye shamba. "Jembe halishikwi hivyo."

Mama akanifinya mpaka nikanyamaza.

Sasa chini ya picha ile wameandika "Mkulima Bora". Na mpini bado unaonekana, umefungwa kipande cha mpira mwekundu wa baiskeli alichokifunga mama mwenyewe mpini ulipopasuka.

"Hilo jembe ni la huyu hapa!" nikamfokea karani, ofisi nzima ikageuka. "Huyo mwenye picha hajui hata kulishika!"

Kisha nikasubiri mama anifinye.

Hakunifinya.