Mzee Ambaye Hakushuka Kitini

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Sironga, mwanangu, ukungu bado umelalia migomba, nilipofungua mlango wa gari la mume wangu nikamkuta yule mzee tena. Si mwili wake. Mwili ulikuwa umeshazikwa Manga. Lilikuwa doa tu, la kahawia, kwenye egemeo la kiti cha nyuma. Lakini ukilitazama kwa muda uliona mabega, mgongo, na shingo iliyoinama kidogo. Nami jana yake nilikuwa nimelisugua hadi likaisha.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mume wangu, Mogaka, alibeba abiria kati ya Kisii na Nyamira. Siku moja alimchukua mzee huyo hospitalini Kisii, mgonjwa, ampeleke kwake. Mzee akakata roho njiani akiwa ameketi wima, kibuyu cha dawa ya mitishamba kikimmwagikia mwilini. Hakuna aliyejua hadi gari liliposimama Manga na yeye asishuke.

Tangu hapo nikawa naosha. Ndoo nzima ya maji, sabuni ya mche, brashi ya sakafu. Doa liliondoka, kiti kilipokauka lilirudi, pana zaidi. Nikanunua mjini chupa ya dawa ya bei kali, yenye harufu ya kuliza macho. Kitambaa kikapauka, doa likabaki. Stendini Kisii makanga waliopakia abiria wakapata mchezo.

"Mogaka, hicho kiti usikiuze! Mzee wako hajashuka!"

Abiria wakahamia magari mengine. Mogaka akaanza kutafuta wa kumuuzia gari, na gari hilo ndilo lililotulisha.

Uvumi ukafika Manga kwamba marehemu hajatulia. Ndipo mjane wake, Mama Kerubo, akaja kwetu kwa miguu. Nilidhani amekuja kutulaumu. Akainama, akanusa kiti, akatabasamu.

"Huu ni mchemsho wangu mwenyewe. Umekuwa ukiosha na nini?"

"Sabuni na maji mengi, mama."

"Basi unamnywesha, mwanangu. Atakosaje kurudi?"

Alikuwa amemuuguza mumewe muda mrefu juu ya godoro moja, na mwenye godoro moja haliloweshi. Akakwangua sabuni kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, akaipiga hadi ikawa povu. Akalijaribu kwanza pembeni pasipoonekana, asije akachujisha rangi. Kisha akapaka povu tupu, kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati, akalifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Mwisho akatandaza shuka kuukuu jeupe, akaliegemezea gunia la mahindi, milango wazi upepo upite.

"Maji mengi huzamisha uchafu ndani ya sponji," akanieleza. "Kiti kikikauka, uchafu unapanda juu. Sasa uache upandie kwenye shuka."

Mchana kutwa gunia liliketi pale kama abiria. Watoto wa jirani hawakulisogelea.

Alasiri tuliliondoa. Kiti kilikuwa safi. Kwenye shuka yalikuwapo mabega, mgongo, na shingo ile. Mama Kerubo hakushtuka. Alilikunja polepole, kama anayemvisha mgonjwa, akaliambia kwa Kikisii, "Haya, twende nyumbani."

Mogaka alimrudisha Manga, nami niliketi mbele. Mama Kerubo alikaa nyuma peke yake, shuka mapajani. Kila nilipogeuka niliona kiti kando yake kimebonyea. Tulipofika kwake alishuka, akaushika mlango wazi kwa muda, kama anayemsubiri mwenzake. Kiti kikainuka taratibu. Ndipo akaufunga.

Kesho yake makanga walichungulia, wakarudi kuita watu. Abiria wa kwanza akaketi palepale.

Basi mwanangu, unaponiuliza dawa nzuri ya kusafisha viti vya gari lako, isiyokufilisi, usikimbilie chupa. Uliza kwanza kilichomwagika, na kilimwagikaje. Tumia povu, si ndoo, jaribu pasipoonekana, kandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha uuachie upepo kazi yake. Usikate tamaa likirudi mara ya kwanza, bandu bandu huisha gogo. Na likiwa ni doa la mtu, usilisugue kwa hasira.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, na kila utakayembeba ashuke kwake.