Vigingi Nilivyovihamisha

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Ilikuwa Ijumaa, mlinzi wa mgodi ameshuka msikitini, nami nimesimama peke yangu juu ya shimo lililofukiwa, kule kwetu Matombo, nimeshika vigingi vinne na kamba. Kaa vizuri nikusimulie, na usinikatize. Nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha, na visingizio nimeshavitafuta vya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara kwa kila mtu. Viwanda vya mjini Morogoro vinafungwa kimoja kimoja, wanaume wazima wanarudi milimani na masanduku yao, na wageni wenye karatasi za wizara wanapanda kutafuta mawe ya thamani. Mmoja akaja na kampuni yake, akaomba kuchimba rubi kwenye ardhi ya lukolo letu, yaani ukoo wa mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama, hilo unalijua. Kipande kile alikilima mama yangu, na baada yake kingekuwa changu. Mjomba Kobelo, kaka yake mama, ndiye aliyeusemea ukoo. Alikubali kwa sharti lililoandikwa: wakimaliza wafukie, wapande miti, na wasiondoke mpaka ionekane imeshika.

Wakachimba mpaka wakatosheka, wakafukia, wakapanda mikenge. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa kazi ya kufuatilia uotaji. Juu ya kifusi palikuwa na miraba, kila mmoja una vigingi vinne na kamba imezungushwa. Kila mwezi naingia ndani ya kila mraba, nahesabu miche iliyo hai, napima urefu, naandika kwenye daftari. Kazi ya heshima! Nilitembea na kalamu sikioni, basi wenzangu wakanicheka eti karani wa majani.

Tatizo, miche ilikuwa inakufa. Wale watu walipofukia walitanguliza udongo mweusi chini, changarawe ikabaki juu. Mkenge gani utaota kwenye changarawe? Miezi ya mwanzo niliandika nilichokiona: umekauka, umekauka, umekauka.

Na kila nikirudi nyumbani mama ananiuliza, "Shamba langu lini?" Alikuwa analima kipande cha kuazima, na kwetu mwenye kuazima hapandi mti wa kudumu, asije akajifanya mwenyewe. Mama yangu, mwenye ukoo wake, hana pa kupanda hata mchungwa mmoja! Iliniuma, wallahi.

Msimamizi wa kampuni akanisoma. Akaniambia, "Dada, daftari likiwa zuri, shamba mnalipata kabla ya masika. Ni wewe tu." Hakunilazimisha, sikiliza hapo. Hakunipa kitu. Ijumaa ile niling'oa vigingi kutoka kwenye changarawe, nikavisimika pembeni, kwenye vichaka ambavyo sururu haikuvigusa hata siku moja. Nikahesabu humo. Lo! Mimea iliyonona, mirefu, ya kijani. Nikaandika mpaka mkono ukaniuma.

Afisa aliyetoka mjini hakupanda mlima. Alikunywa chai kwetu bondeni, akafunua daftari langu, akatia sahihi. Wiki haikuisha, kampuni ikapakia mashine zake ikaondoka. Mama akapiga vigelegele, akawatangazia majirani kwamba binti yake ndiye aliyemrudishia shamba.

Mjomba alipanda huko juu peke yake. Aliposhuka akaniita nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Mwanangu, mzee akuache na shikamoo yako mdomoni, afadhali akupige.

"Vile vichaka navijua tangu sijaoa," akasema. "Wewe umehesabu nini?"

Nikamwambia nilitaka mama apate shamba lake.

"Mama yako ungemwambia asubiri, angesubiri. Wale tulikuwa tumewashika kwa daftari hilo tu, hatukuwa na kingine. Umewaachia." Nikamlilia asimwambie mama. Akasema, "Utamwambia mwenyewe."

Sikumwambia. Nilimwangalia akipanda michungwa kwenye changarawe ile, akibeba maji na samadi kwa kichwa, akiimba, nami nikanyamaza. Masika yakaja, na kilima kisichokuwa na mzizi wa kukishika kikaporomoka chote. Kikachukua michungwa, kikafukia chemchemi tuliyochotea maji, kikaishia kwenye kibanda cha mama kule bondeni, kikakifunika. Yeye alikuwa sokoni, ndiyo salama yake. Mjomba akashuka mpaka mjini kushtaki. Wakamfungulia daftari: mimea imeshika yote. Wakamuuliza, mwandishi huyu si mtoto wenu?

Mama akahamia Bigwa, pembeni ya mji, chumba cha kupanga, akawa anaotesha mchicha kwenye karai bovu. Kila aliyemtembelea, mama alimwambia kampuni ilimdhulumu, na binti yake alipigana nayo mpaka mwisho. Alikuwa akinisifu mbele yangu, mwanangu, nami namimina chai. Amekufa hivyo, anajivunia mimi. Mjomba alikuwa ameshatangulia, na tangu siku ile nyuma ya nyumba hakuwahi kuniitikia.

Sasa umekuja kuniaga, Jumatatu unaanza kazi hiyo hiyo kwenye mashimo ya watu wengine. Basi shika haya. Kigingi kibaki pale kiliposimikwa. Penye patupu andika patupu, hata kama wenye shamba wanalia, hata kama mwenye kulia ni mama yako. Hasa akiwa mama yako, kwa sababu kwa ajili yake ndiyo utajiona una haki ya kudanganya. Na ukiwa umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajapanda juu ya uongo wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuandika kilichokufa kwamba kimekufa, na mama yako akikusifu mbele za watu, ujaaliwe kumtazama usoni.