Salamu Nilizokata

Nilikuwa fundi redio hapo Rumonge, karibu na soko, na wakati wa vita nikajipa cheo kingine: mrekodi sauti. Mrundi mwenzetu mmoja aliyekuwa akiishi Ubelgiji alifungua tovuti. Akatafuta mtu wa kurekodi watu wa kwetu wakiwasemesha ndugu zao waliokimbia, ili yeye aziweke sauti hizo kwenye intaneti na mkimbizi asikie popote alipo. Nikasema mtu huyo ni mimi. Nilikuwa na kinasa sauti kimoja cha kaseti, maikrofoni ambayo waya wake nilikuwa nimeufunga plasta, na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Kazi ilikwenda hivi. Narekodi Rumonge. Kaseti zikifika nne au tano nazifukia ndani ya mfuko wa ndagala kavu, kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani hapendi mkono wake unuke samaki kutwa nzima. Halafu nangoja siku ya msafara, maana kule Minago na Magara magari yalikuwa yakipigwa risasi, na gari moja peke yake halikuthubutu kupita. Nikifika Bujumbura nina saa chache tu kwenye chumba cha intaneti: kuhamishia sauti kwenye kompyuta, kuikata, kuituma. Laini ilikuwa nzito ajabu, na umeme ulikatika ulivyotaka. Mwenye tovuti akaniandikia kwamba kila mtu apewe dakika mbili, asizidi.

Nikatii. Ila ndani ya hizo dakika mbili, mwanzoni kabisa, nikachomeka sauti yangu mwenyewe, na gitaa kidogo nyuma yake: "Hapa ni Rumonge, ukingoni mwa Tanganyika. Sikiliza sauti ya nyumbani, iliyorekodiwa na mimi, fundi wako." Jamani, nilivyokipenda kile "fundi wako"! Kila nilichotuma nilitoa na nakala kwenye kaseti, niwapigie wateja kibandani.

Mchana mmoja alikuja jirani yetu, mama mtu mzima aliyekamua mawese nyuma ya nyumba yake. Alivaa kitenge kipya kama mtu anayekwenda kupigwa picha, na nyuma yake alikuja mkwe wake, mke wa mwanawe, na mtoto mgongoni. Habari zao nilizijua, kila mtu alizijua. Siku risasi zilipolia, yule mwana alikuwa ufukweni. Akarukia mtumbwi, akavuka mpaka upande wa Kigoma, na kutoka huko akapelekwa Ulaya. Mke na mtoto mchanga walikimbilia upande wa Kigwena, wakajificha kwenye michikichi. Walirudi baada ya majuma kadhaa, wamekonda lakini wazima. Yeye alishavuka, hakujua kama wamepona.

"Mwanangu," yule mama akaniambia, "nataka ajue mke wake na mutoto bako hapa. Ni hiyo tu. Mengine ni maneno."

"Usijali, mama. Atajua."

Nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nikitazama sindano ya sauti, isipande mno, kwa hiyo maneno yenyewe sikuyafuata. Mama akasalimia, kama kila mtu wa kwetu anavyosalimia: baba mdogo anakusalimia, mchungaji anakusalimia, jirani wa ng'ambo ya barabara anakusalimia, na wengine, na wengine. Kisha akasema habari za bati lililotoboka, za michikichi iliyozaa vizuri, akaomba Mungu. Nilipomnyooshea mkwe maikrofoni, akatikisa kichwa. Mama mkwe ameshasema, yeye aongeze nini? "Mama amenitaja," akasema, "inatosha."

Bujumbura siku ile umeme ulishakatika mara mbili, na msafara wa kurudi ulikuwa unakaribia kuondoka. Rekodi ilikuwa ndefu. Nikaona salamu zile zimejaza nafasi bure. Nikaacha tatu za mwanzo ziwe kama chumvi, nikazikata zilizobaki bila kuzisikiliza. Nilidhani habari iko katikati, mahali habari zinapokaa kwenye redio.

Mjinga mimi! Nilizaliwa pale pale, nilijua barua zetu zinavyosomwa. Kwetu habari kubwa hukaa ndani ya salamu. Unasoma majina yote, na ambaye hakutajwa unajua ameondoka, kwa sababu hakuna anayeandika kwamba fulani amekufa. Na watu wa nyumbani kwako hutajwa mwisho, baada ya wakubwa na wageni. Mimi nilikata mwisho. Najuta mpaka leo, na kujuta hakunipunguzii kitu.

Zaidi ya mwaka ukapita. Simu za mkononi zikafika Rumonge, na siku moja yule mwana akapiga kwa mwenye duka jirani yangu. Tukamwita mama mbio. Nilimshikia simu sikioni mimi mwenyewe, kwa hiyo nilisikia yote.

"Pole na msiba, mama."

"Msiba gani tena?"

"Wa mama wa mutoto. Na mutoto."

Akasema alisikiliza sauti ya mama yake kwenye tovuti mpaka akaishika kwa moyo. Baba mdogo ametajwa, mchungaji ametajwa, jirani ametajwa. Mke wake hapana. Hakuuliza, maana mambo kama hayo hayaulizwi kwa mbali. Aliweka matanga huko huko ugenini, wakimbizi wenzake wakakaa naye. Kisha akaoa, na huyo mke sasa alikuwa na mimba.

"Weye!" mama akapiga kelele. "Mke wako iko hapo sokoni anauza ndagala!"

Upande wa pili nikasikia mwanamume analia.

Kesho yake asubuhi yule mke akaja kibandani kwangu, amemshika mtoto mkono. Nilikuwa nimeshamweleza mama kwamba nilizikata salamu kwa kukosa nafasi, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, tena nilitaka anitukane. Akavuta kigoda, akakaa.

"Amahoro, fundi. Niwekee kaseti ya mama. Ile nzima."

Nikamwekea. Salamu zikapita moja moja, mpaka mwisho: "Mama wa mutoto wako anakusalimia, iko hapa pembeni yangu. Mutoto anakusalimia, ameota meno."

"Hapo ni sekunde ngapi?" akauliza.

"Saba. Hazizidi nane."

"Na nafasi haikuwepo."

Nikaitoa kaseti.

"Sasa niwekee ile uliyotuma."

Nilitamani kaseti ile ikwame, ikatike, iungue. Haikukwama. Gitaa likaanza, kisha sauti yangu ikaingia, nene, imejaa raha. Yeye akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu mafungu ya samaki. Sauti yangu ilipofika kwenye "fundi wako", vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekwisha.

"Murakoze, fundi," akanishukuru, akajifunga mtoto mgongoni, akarudi sokoni.