Nyumba ya Msanifu, Nyakisasa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisi ya ujenzi Biharamulo, Msimamizi wa Majengo alitupokea wawili: mimi na kijana mmoja mrefu wa Nyakisasa. Alitupa timazi, ile kamba yenye chuma cha kuonyesha kama ukuta umesimama wima, akatuambia tupime ukuta wa ghala. Mwenzangu alipima, kisha akauliza kwa nini ghala halina dirisha. Mimi nilipima, kisha nikauliza Ijumaa tunatoka saa ngapi.

Baadaye Msimamizi alitafuta mtu wa kwenda kusomea uchoraji wa ramani. Aliniuliza mimi kwanza, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nikamwambia nitafikiri. Bado ninafikiri. Mwenzangu akaenda, akawa msanifu majengo ambaye jina lake sasa linatajwa vyuoni. Mimi nilijenga madarasa Nyarubungo, kisha zahanati karibu na kwangu Kibimba, uhamisho pekee niliowahi kuuomba.

Siku hizi nyumba yake ya zamani, aliyoijenga ujanani katikati ya migomba na kahawa ya baba yake, inaletewa wanafunzi kwa basi. Mke wangu, Mama Editha, alinisumbua muda mrefu twende kuiona. Nilikubali kwa nia moja tu: nikatafute ufa. Nikatia timazi mfukoni mwa koti la kanisani.

Vijana, niliumia. Msingi wa mawe ulishuka na mteremko ngazi kwa ngazi, kama vile kilima ndicho kilichouomba. Juu ya madirisha, lenta, yaani boriti zinazobeba ukuta, hazikuwa na ufa hata wa kupitisha ukucha. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kamba mkononi, mwenyewe aliponikuta.

"Mwashi, umepata?"

"Bado."

"Jaribu upande wa mashariki. Kule niliharakisha."

Nikazunguka, nikapima. Wima kabisa. Hata kasoro mtu yule anajisingizia.

Nilimkuta Mama Editha jikoni, ameketi karibu na moto ambao shemeji yake Msanifu alikuwa anapikia maharage. Moshi ulikuwa unapanda taratibu na kutokea kwenye uwazi chini ya kilele cha paa. Macho ya mke wangu yalikuwa makavu. Miaka yote nilikuwa nimemweleza, kwa utaalamu, kwamba jiko la kuni ndivyo lilivyo.

Hakunitania. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba Editha, kumbe inawezekana."



Nilipostaafu niliapa kutopanda tena juu ya paa. Jumatatu iliyofuata nilikuwa juu ya jiko langu, nafungua mabati, moshi upate pa kutokea. Msinisifie upendo, wivu ndio ulionipandisha. Mama Editha alishika ngazi, ameinua uso, anakagua.

"Ongeza kidogo," alisema. "Kwa mwenzako palikuwa juu zaidi."

Nikaongeza.